Kentucky Inamlinda Mvuta Sigara: maneno niliyowaambia watu wetu wa Lexington

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkidhani sijawaona, habari za siku nyingi.

Mwaka jana kwenye darasa la wageni wapya mimi ndo nilikuwa mkalimani, yule dada Mmarekani anasoma orodha ya vitu ambavyo mwenye nyumba haruhusiwi kukubagua navyo, rangi, nikatafsiri, dini, nikatafsiri, taifa ulilotoka, ulemavu, sawa, afu akafika kwenye kile kimoja nikasema "mwelekeo wa kijinsia", basi mzee mmoja, yupo humu ndani sitamtaja, akanyoosha mkono akauliza, mama, mwelekeo wa wapi, wa kaskazini ama wa kusini? Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Dada akaniuliza wanacheka nini nikamwambia wamefurahi, na hiyo ndo siku pekee nimewahi kudanganya kazini.

Ila nilivyofika nyumbani sikuwa na raha. Mzee hakuelewa, na mimi niliyetafsiri pia sikuwa na uhakika kama nilichosema ni kweli kwa kila mtu aliyekaa pale, manake wengine walikuwa wanaishi hapa mjini na wengine walishapata nyumba za bei nafuu nje kabisa ya kaunti. Nikaanza kuuliza, nikasoma, nikasumbua watu wenye elimu ya sheria. Kumbe ni kweli hapa Lexington, haruhusiwi mtu kukubagua kwa kuwa wewe ni shoga, msagaji au umebadili jinsia, na ukiendesha gari dakika ishirini inaweza isiwe kweli tena. Hiyo ndo habari nimekuja nayo leo, na najua baadhi yenu mlivyosikia mada mlitaka kubaki nyumbani, asanteni kwa kuja hivohivo.

Sijaja kuwabadilisha imani. Kule tulikotoka tunajua hali ilivyo, Tanzania tuliyokaa kambini sheria ya makosa ya jinai inaweza kumpeleka mtu jela maisha, Burundi waliweka kifungo kwenye sheria yao 2009, Congo hakuna kifungu kinachotaja jambo lenyewe ila mtaani mnajua. Kwa hiyo mtu ametoka huko, anafika hapa, anaambiwa hapa ni Marekani uko huru, na anaamini kwamba Marekani ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Ni majimbo 50 na kila jimbo lina kitabu chake, na ndani ya jimbo kila mji una kakitabu kake.

Tuanze na kitabu cha Kentucky. Tarehe 5 Machi 1964 watu kama elfu kumi waliandamana kule Frankfort, makao makuu ya jimbo letu, Martin Luther King alikuwepo, Jackie Robinson yule wa baseball alikuwepo, baridi na mvua, wanadai sheria ya kuzuia ubaguzi. Ikachukua karibu miaka miwili. Januari 1966 gavana Breathitt akasaini, na Kentucky ikawa jimbo la kwanza la Kusini kuwa na sheria yake yenyewe ya haki za raia. Hiyo ndo sheria inayokulinda wewe mama uliyevaa kitenge ukienda kuomba kazi hotelini, inayokulinda wewe mwenye lafudhi ya Uvira, inayokulinda wewe unayefunga Ramadhani.

Sasa nendeni mkaisome orodha ya upande wa kazi. Kuna rangi, dini, taifa, jinsia, umri kuanzia miaka 40, ulemavu, afu kuna kitu nilipokisoma nilivua miwani nikaifuta. Kuna mvuta sigara. Kweli kabisa! Mwajiri wa Kentucky haruhusiwi kukubagua kwa sababu unavuta sigara, au kwa sababu huvuti, ilimradi unafuata utaratibu wa kazini kuhusu kuvuta. Hili ni jimbo la tumbaku bana, mnaona wenyewe mashamba. Lakini shoga hayumo. Msagaji hayumo. Mtu aliyebadili jinsia hayumo. Mwaka baada ya mwaka kuna wabunge wanapeleka muswada wa kuyaongeza hayo maneno mawili matatu, na haujawahi kupita.

Kwa hiyo miji ikaamua kujifanyia. 1999 Louisville ikapitisha sheria ndogo ya usawa, mwaka huohuo Lexington nayo ikapitisha, kazi, nyumba, na sehemu za biashara zinazopokea watu kama mgahawa na duka. Covington ikafuata 2003. Afu kimya, miaka kumi hakuna mji mwingine. Na mji uliovunja kile kimya siyo mji wa chuo wala mji wa matajiri, ni Vicco, kamji ka makaa ya mawe huko milimani mashariki, watu kama 330 tu, meya wao alikuwa msusi wa nywele na ni shoga anayejulikana na kila mtu pale. Januari 2013 wakapiga kura, ikapita. Mtu ukiwa na watu 330 unamjua kila mmoja, unajua nani alimzika mama yako, nadhani ndo maana haikuwa ngumu. Baada ya pale miji mingine ikaona haya ikaanza kupitisha, Frankfort, Morehead, Danville, sasa hivi ni zaidi ya miji 20.

Lakini Kentucky ina kaunti 120. Bowling Green, ambako nusu yenu mna ndugu, wamejaa wakimbizi kuliko sisi, sheria ndogo kama hiyo ililetwa kwa makamishna wa mji 2019 wakaipigia kura wakaikataa.

Kabla sijaendelea kuna jambo la Lexington hii hii nataka mlijue maana hata watoto waliozaliwa hapa hawalijui. 1986 polisi wa hapa walimtuma mwenzao akavaa kiraia akakaa kwenye maegesho ya magari hapo mjini, akaongea na mwanaume mmoja anaitwa Jeffrey Wasson kama dakika ishirini hivi, yule bwana akamwalika nyumbani kwake, akakamatwa. Hakuna pesa iliyotajwa, hakuna mtoto, ni maongezi ya watu wazima wawili. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani huko Washington ilikuwa imesema majimbo yanaruhusiwa kuwafunga watu kwa jambo hilo. Kesi ilikuwa imekwisha, mtu yeyote angesema. Mawakili wa Wasson wakasema sawa, Washington wamesema hivo, ila sisi tuna katiba yetu ya Kentucky, na katiba yetu inalinda faragha ya mtu zaidi ya ya Washington. Septemba 1992 Mahakama ya Juu ya Kentucky ikakubali, majaji wanne kwa watatu. Washington ilikuja kukubali 2003, miaka kumi na moja baadaye! Sasa mtu akikwambia Kentucky ni wa nyuma siku zote mwambie kuhusu yale maegesho.

Haya, kazi.

Kwenye kazi kuna kinga inayotoka juu, ya shirikisho, nayo inafika hata Bowling Green. Kulikuwa na watu watatu. Gerald Bostock, alikuwa anafanya kazi ya ustawi wa watoto kaunti ya Clayton huko Georgia, akajiunga na ligi ya softball ya mashoga, akafukuzwa. Donald Zarda alikuwa anafundisha watu kuruka na parashuti New York. Na Aimee Stephens wa Michigan, alifanya kazi miaka kwenye kampuni ya mazishi akijulikana kama mwanaume, 2013 akamwandikia bosi wake barua kwamba kuanzia sasa atakuja kazini kama mwanamke, akafukuzwa. Kesi zikaunganishwa zikafika Mahakama ya Juu, uamuzi ukatoka tarehe 15 Juni 2020, sita kwa watatu, na aliyeuandika ni jaji Gorsuch ambaye aliteuliwa na Trump. Zarda alishafariki 2014. Stephens alifariki Mei 2020, mwezi mmoja tu kabla. Mimi hiyo sehemu kila nikiisoma nanyamaza kidogo.

Hoja ya Gorsuch ni rahisi, hata shangazi yangu aliielewa kwenye simu. Bosi ana wafanyakazi wawili, wote wanapenda wanaume. Mmoja ni mwanamke, mmoja ni mwanaume. Akimfukuza yule mwanaume kwa kuwa anapenda wanaume, na yule mwanamke anayependa wanaume amemwacha, kilichomponza yule wa kwanza ni nini? Ni kwamba yeye ni mwanaume. Hiyo ni jinsia, na jinsia imekaa kwenye sheria ya kazi tangu 1964. Hakuna neno jipya lililoongezwa, lilikuwa pale pale miaka yote hamna aliyelisoma vizuri.

Lakini sikilizeni, ile sheria ya shirikisho inaanzia mwajiri mwenye wafanyakazi 15. Ya jimbo inaanzia 8. Kwa hiyo saluni ya watu sita kwenye kamji kasiko na sheria ndogo, hamna kinga hapo, na wengi wetu tunafanya kazi kwa watu wadogowadogo. Na jingine, hiyo ni kazi tu. Sheria ya 1964 upande wa mgahawa, hoteli, sinema, imeandika rangi, dini na taifa, jinsia haikuandikwa kabisa, kwa hiyo Gorsuch hana pa kushika. Vijana wawili wa kiume wakiingia mgahawani hapa mjini wakafukuzwa kwa kuwa wameshikana mikono wana pa kulalamika, wakila njiani kwenye mji usio na hiyo sheria huenda hawana. Afu tangu 2025 ile ofisi ya shirikisho inayopokea malalamiko ya kazi imeziomba mahakama zifute kesi kadhaa ambazo yenyewe ndo ilizifungua kwa ajili ya watu waliobadili jinsia. Uamuzi wa 2020 haujafutwa, upo. Ila askari wa getini amekaa pembeni anaangalia simu.

Na nyie mnahama sana, leo Lexington kesho nasikia uko Grand Rapids, Michigan, kwa shemeji. Ukihama unahama na kinga zako zinabadilika njiani kama hali ya hewa. Wisconsin walianza wa kwanza kabisa nchi nzima, 1982, na aliyesaini alikuwa gavana wa Republican. Minnesota 1993 wakawa jimbo la kwanza kuwaweka na waliobadili jinsia. Maine, nyie wa Lewiston na Portland, bunge lilipitisha wananchi wakafuta kwa kura 1998, ikarudi 2000 ikakataliwa tena, 2005 wakapitisha mara ya tatu na wananchi safari hii wakaiacha. Michigan waliandika kwenye kitabu chao Machi 2023, miaka mitatu baada ya kumzika mama Stephens. Iowa ndo kisa cha kushangaza, waliweka yote 2007 halafu Februari 2025 gavana akasaini kuwatoa waliobadili jinsia, ni jimbo la kwanza kuwapa watu kinga halafu kuwanyang'anya. Mtu alilala tarehe 30 Juni 2025 yumo kwenye sheria akaamka tarehe 1 Julai hayumo, na hajahama hata nyumba.

Sasa mchungaji wetu aliniuliza swali kabla ya leo na nilimwahidi kulijibu mbele ya watu. Je kanisa litalazimishwa kufungisha ndoa? Hapana mchungaji. Hakuna mji wala jimbo lenye uwezo wa kukulazimisha kufungisha ndoa usiyoiamini, katiba ya nchi inalinda hilo, na hizi sheria ndogo zimewaachia nafasi watu wa dini. Kentucky hapa hata waliongeza nyingine ya kulinda dini 2013, gavana Steve Beshear akaikataa, bunge likaipitisha juu ya kichwa chake, na miaka kumi baadaye mwanawe Andy naye ni gavana akaikataa ile sheria ya 2023 inayobana watoto waliobadili jinsia mashuleni na hospitalini, bunge likampita naye juu ya kichwa. Ile familia imezoea.

Ila mchungaji, na hapa naongea na wote mnaofungua biashara, kanisa ni kanisa na saluni ni saluni. Ukiweka bango nje umeandika karibuni, umekaribisha. Huwezi kumwambia mtu wa rangi fulani asikae kwenye kiti, na hapa Lexington huwezi kumwambia shoga asikae. Wakongo wenzangu wenye nyumba za kupangisha nyie pia, mmeanza kununua hongereni, sheria iliyokuwa upande wako ukiwa mpangaji sasa inakutazama ukiwa na funguo.

Penye utata ni kwenye maneno. Kuna kesi ilitokea hapa hapa, kampuni ya kuchapisha fulana inaitwa Hands On Originals. 2012 chama cha mashoga na wasagaji cha hapa kikataka fulana za tamasha lao la Pride, mwenye kampuni ni Mkristo akasema sichapishi huo ujumbe. Akajitetea kwamba huwa anawahudumia mashoga kama watu wengine, tatizo lake ni maandishi ya kwenye fulana. Tume ya Haki za Binadamu ya mji ikasema amebagua. Mahakama ya hapa ikasema hapana hakubagua, ya rufaa ikakubaliana nayo. Ikaenda juu kabisa, miaka saba imepita tangu zile fulana, Oktoba 2019 kila mtu anasubiri waseme nani ana haki, na majaji wakasema, jamani, aliyelalamika ni chama. Sheria ndogo imeandika mtu. Chama siyo mtu mwenye mwelekeo wowote. Kesi imefutwa!

Miaka saba! Mimi kama mkalimani ninayejaza fomu na watu kila wiki hiyo kesi imenifundisha kuliko zote, angalieni jina nani anaandika kwenye mstari wa kwanza. Kuhusu ujumbe wenyewe, 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki mtengeneza tovuti wa Colorado asitunge tovuti za harusi ambazo haamini. Kwa hiyo maneno unayotunga ni jambo moja, kumkatalia mtu wali na samaki ni jambo jingine, na katikati hapo mawakili watakula miaka mingi.

Kwa nini mimi mama wa watoto wanne nimejiingiza huku. Nitawaambia. Mwaka wangu wa pili hapa nilitafuta apatimenti, nimeweka akiba, kazi ninayo, meneja akasikia ninavyoongea akasema zimejaa. Nikarudi kazini, mwenzangu Mmarekani akapiga simu palepale nimesimama, akaambiwa ziko mbili, aje jioni kuziona. Nililia chooni. Yule mwenzangu akanipeleka kwenye ofisi ya tume. Nikapewa fomu, ina visanduku, nikaweka alama kwenye taifa nililotoka. Pembeni yangu kuna kijana mzungu mwembamba anajaza fomu ileile kwa kalamu ya kuazima, ya kwangu, akaniambia naye kanyimwa nyumba, yeye na mwenzake, mwenye nyumba aliona kitanda kimoja kwenye maelezo yao. Kisanduku changu kilikuwepo tangu miaka ya sitini, chake kiliwekwa 1999 tu. Ofisi moja, kiti kimoja, mama mmoja anatuita majina. Kesi yangu iliisha kwa makubaliano, ya kwake sijui, kalamu hakurudisha.

Na jambo la mwisho, halafu mama zangu wa chai nitawaachia nafasi. Watoto wetu wapo. Msinitolee macho. Kuna kijana wa kwetu alinipigia saa tano usiku anauliza kama akimwambia bosi wake wa ghalani ukweli wanaweza kumfukuza, na hakuwa anaogopa bosi tu, alikuwa anaogopa nyie. Mimi kuhusu nyie sikuwa na cha kumjibu, kuhusu bosi nilimjibu, ghala lina watu mia tatu, kinga ipo, andika tarehe, andika nani alisema nini, tunza meseji, usikae mpaka miezi ikapita maana malalamiko ya jimbo mwisho ni siku 180.

Fomu ziko pale mezani, za Kiswahili nimetafsiri mwenyewe, siyo rasmi, ni za kuwasaidia kuelewa kabla ya kujaza ile ya Kiingereza. Kile kisanduku kimenisumbua. "Shoga" nimeogopa kuandika, manake mama zetu wa pwani wakiitana shoga yangu wanamaanisha rafiki, wangeweka alama wote. "Mwelekeo wa kijinsia" mzee amenikataza. Nimeandika "kwa sababu ya mtu unayempenda", na chini yake "kwa sababu ya unavyojitambua, mwanaume au mwanamke". Mzee nakuona umenyoosha mkono. Haya sema, kama una neno zuri zaidi nipe sasa, sijachapisha nakala zingine bado.